Mfuniko wa Mashine ya Salfa

Kila mtu kijijini kwetu, njia ya kwendea Kilambo, alikuwa na maelezo yake kuhusu mashine ile, na yote yaliishia pale pale: ikipata moto, inazima. Niivumilie. Niipoze. Wengine walinishauri niimwagie maji. Mimi uvumilivu wa namna hiyo sina, na sijawahi kuwa nao. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshakunja uso.

Ilikuwa mashine ya kubeba mgongoni, ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, yenye injini ndogo inayowashwa kwa kuvuta kamba na inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Miaka ile ya tisini ubwiriunga ulikuwa umetutia adabu. Maua yanachanua vizuri, halafu unga mweupe unayakalia, yanakauka, na korosho hupati. Dawa yake salfa, nayo hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua na upepo haujaamka. Jua likishapanda, unga wako wote wa salfa unakwenda kwa jirani.

Mikorosho yenyewe ilikuwa ya mama. Aliipanda mwenyewe, akaipalilia mwenyewe, na mpaka anafariki hakuna jani lililokuwa likilala chini yake zaidi ya siku moja. Kwa desturi yetu mali ya mama husimamiwa na kaka yake, na mjomba wangu akaamua nishike mimi. Mashine ilikuwa yake. Mgongo ulikuwa umemshinda, hivyo akanipa na mashine pia.

Msimu wa kwanza nikakodi vijana wa kupuliza. Wakipita miti michache, mashine inakohoa, inazima. Wanakaa, wanavuta sigara, wanaiwasha, inakwenda miti mingine michache, inazima tena. Walipochoka kuvuta kamba waliitua chini ya mkorosho wakaenda zao. Nusu ya maua iliungua. Mjomba alikuja, akatazama juu, akatazama chini.

"Mikorosho ya marehemu dada yangu haijawahi kuwa hivi," alisema. "Mwakani ikiungua tena, namkabidhi kaka yako."

Kaka huyo ni mtoto wa mama mdogo, mtu mpole ambaye hajanikosea chochote maishani. Siku ile nilimchukia kama aliyenizaba kofi.

Kabla ya msimu wa pili nikaifunga mashine kwenye kapu, nikaipeleka mjini kwa fundi wa pikipiki pale Rahaleo. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akakwangua masizi kwenye ekzosi. Kisha akaiwasha. Ikaunguruma pale uani mpaka jirani yake akaja kulalamika. Tulikaa tukaitazama. Ilipata moto mpaka ukitema mate juu yake yanachemka, na haikuzima.

"Mama, hii nzima," fundi akasema. "Labda huko kwenu mnaibeba vibaya."

Nikarudi nayo nikiwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. Alfajiri ya kwanza ya maua nikajifunga kanga kiunoni, nikaziba pua kwa kitambaa, nikaibeba mwenyewe, maana vijana walishaikimbia. Mti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Tulipofika kwenye ule mkorosho mkubwa uliopinda, ikakohoa, ikazima.

Niliitua chini nikaitukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Habari ikafika kwa mjomba kabla ya chai. Akatuma neno kwamba mashine haipendi mgongo wa mwanamke. Nikasema, haya, tutaona nani atachoka kwanza. Kesho yake nikaibeba tena, na keshokutwa, na kila ilipozima niliketi kando yake nikaitazama badala ya kwenda kutafuta kivuli. Asubuhi moja kulikuwa na ukungu na baridi kali, lakini ikazima mapema vilevile. Siku nyingine niliiacha juani kwa makusudi, chuma kikazidi kuwa cha moto, na bado baada ya kupumzika ikawaka. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kwa faida. Kama ni moto, mbona inapona juani?

Na kwa nini Rahaleo ilikubali?

Nikakumbuka uani kwa fundi, jambo moja baada ya jingine. Alipotaka kutia petroli alifungua ule mpira wa tyubu uliozungushwa kwenye mfuniko wa tanki, akauweka pembeni. Alipomaliza kazi yote akaufunga tena, kwa kuwa ndivyo alivyoukuta.

Lazima nieleze habari ya mpira huo. Salfa huingia kila mahali: masikioni, kwenye ugali, kwenye nguo ulizozikunja sandukuni. Ikiingia kwenye petroli inaziba kila kitu. Kwa hiyo kwetu kila mwenye mashine alivika mfuniko wa tanki kitambaa, kama unavyofunika chungu cha maziwa. Mjomba, mtu wa mambo safi, aliona kitambaa hakitoshi. Alipoiweka mashine mara ya mwisho alikata tyubu ya baiskeli, akauzungushia mfuniko wote, akavuta, akakaza. "Humo haipiti hata harufu," aliniambia akinikabidhi. Nami kila nikitia petroli nilikaza vilevile, kwa heshima yake.

Nilifungua ule mpira palepale, chini ya mkorosho uliopinda, mashine ikiwa imezima sasa hivi. Nikalegeza mfuniko. Ukanyonya hewa kwa sauti: fyuuu.

Sauti ile naijua. Ni sauti ya jikoni kwa mama. Debe la mafuta ya kula ukilitoboa tundu moja, yanatoka kidogo, yanakwama, debe linaguna. Mama alikuwa akininyang'anya msumari kila mara. "Toboa na la pili, mwanangu. Hewa isipoingia, mafuta yatatokaje?" Juu ya mfuniko wa tanki palikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Mpira wa mjomba ulikuwa umekiziba, petroli ikakwama kama mafuta ya debe, mpaka hewa ipenye kidogo kidogo mashine ikipumzika.

Nilicheka peke yangu shambani kama mwehu. Nikavuta kamba mara moja, ikawaka. Nikachana pindo la kanga kuukuu, nikaufunika mfuniko kwa kitambaa kama watu wote, na asubuhi ile nilipuliza mpaka salfa ikaisha.

Mjomba alikuja siku ya pili yake, umande haujakauka. Nikamwamkia. Hakunitazama mimi, alitazama mfuniko.

"Mpira uko wapi?"

"Nimeutoa, njomba. Ndio ulioizima."

"Umeutoa?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mpira mwingine mpya. Alikuja nao kabisa! "Salfa ikiingia humo, useme kwaheri mashine."

Maneno yalinijaa mdomoni. Lakini ni mjomba wangu, na kubishana naye shambani kwa mama kungenipa ushindi wa kijinga. Nikainama akafunga kwa mikono yake, akakaza. Nikaibeba.

"Twende wote," nikamwambia.

Tukaenda mti kwa mti, yeye nyuma yangu akikohoa. Hatukuufikia hata mkorosho uliopinda. Mashine ikakohoa, kimya.

"Umeona? Imepata moto."

Nikamgeuzia mgongo, nikapiga magoti. "Fungua mfuniko, njomba. Polepole. Sikiliza."

Nikamsikia akihangaika na mpira. Kisha fyuuu. Nikaitua, nikavuta kamba, ikawaka. Nilipogeuka alikuwa amesimama na ule mpira mkononi, akiunyoosha, akiukunja. Halafu akautia mfukoni, akatangulia mbele yangu, akaanza kuvunja vijiti vikavu vilivyoning'inia ili bomba langu lipite. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimfanyia mama.

Mwaka ule mikorosho ilizaa mpaka matawi yakagusa chini. Kaka yangu, yule mtoto wa mama mdogo, alikuja kwa mjomba kuuliza habari ya ile ahadi ya kukabidhiwa mikorosho. Nilikuwa jikoni namkaangia mjomba samaki, na ukuta wa udongo hauzuii sauti.

"Ile mikorosho ina mwenyewe," mjomba akasema.

"Si ya marehemu mama mkubwa?"

"Ina mwenyewe, nimekwambia. Yuko jikoni. Ukitaka kitu, kamwombe yeye."

Sikulia kwenye mazishi ya mama. Watu walinisema sana. Lakini siku ile jikoni niliketi chini karibu na debe la mafuta, lenye matundu yake mawili, nikalia mpaka samaki wakaungua.