Kabula Nilimchezea kwa Mguu

Wenzangu mliosoma Sumbawanga miaka ile marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa Majengo, nyie mtanielewa. Mnaijua baridi ya mwezi wa saba kwetu, ile inayomfanya mtoto anawe uso na miguu tu, halafu amwapie mama yake kwamba ameoga mwili mzima. Mnaujua uji wa ulezi unaobabua ulimi, na mnajua kwenda shule mikono umeificha kwapani huku daftari umelibana kwa kidevu. Watoto wa siku hizi wakiamka wakakuta kijibaridi kidogo, wanavaa soksi mbili mbili na kuuliza kama leo shule ni lazima. Haya, tumewazaa wenyewe, tutawapeleka wapi?

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa sebuleni na gemu yake, masikioni kavaa madude makubwa, anafoka peke yake. Nikamuuliza anagombana na nani. "Na wenzangu, mama. Tunacheza timu." Wenzake wenyewe wako wapi? Mmoja yuko Mwanza, wa pili hajui aliko, wa tatu hata jina hamjui. Mara huyo wa tatu mtandao ukamkatikia. Nikadhani watamsubiri. Thubutu! Mtoto alibofya mahali, akaletewa mwingine, safari ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeondoka. Nikabaki nimesimama na sahani ya viazi, nikamkumbuka Kabula.

Kabula alikuwa rafiki yangu wa darasa la tano. Kwao walikuwa Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao wakaweka makazi upande wa Mollo, na shuleni alipangwa dawati moja nami. Mimi Mfipa, yeye Msukuma, basi ilikuwa kutaniana asubuhi mpaka jioni. Alinicheka kwa kuogopa ng'ombe. Nami nilimwambia kwao baba hawezi kulala mpaka ahesabu ng'ombe wote, ila mtoto mmoja akipungua hagundui. "Afadhali kwetu kuna cha kuhesabu," alinijibu. Alikuwa mrefu, ana mikono mirefu, na kicheko chake mwalimu alikisikia kutoka ofisini.

Sasa, gemu ilikujaje Majengo? Baada ya biashara kuruhusiwa, kila mwenye duka alitaka kuuza kila kitu. Baba Fidelis alikuwa muuza chumvi na mafuta ya taa tu, mtu mpole, mshika ibada. Akaenda Tunduma kufuata sabuni, akarudi na sabuni, tivii ya rangi na gemu. Aliiweka chumba cha nyuma, kati ya magunia ya maharage, na mbele yake akapanga viti viwili. Kulikuwa na kaseti moja tu ya kuchomeka, ya manjano, imeandikwa kwa maandishi ambayo hata mwalimu wa hesabu aliyatazama akasema hayamhusu. Sisi tuliiita Mapacha.

Ndani ya Mapacha kulikuwa na askari wawili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, wakitembea toka mwanzo hadi mlango wa chuma ulioko mwisho. Kila mchezaji alikuwa na pedi yake ya kubonyeza, na kila pedi ina askari wake. Utamu na taabu yake ni kwamba picha haikusogea mpaka wote wawili wasogee. Ukikimbia peke yako ulifika ukingoni mwa tivii ukawa unakimbia pale pale. Kwa hiyo Baba Fidelis aliweka sheria: watu wawili au hakuna mtu. Mmoja peke yake, alisema, anaharibu kiti.

Wa bluu alikuwa mimi. Mwekundu alikuwa Kabula. Tulikuwa wasichana wawili katikati ya kundi la wavulana, na kiranja wao aliitwa Pius, kijana wa darasa la sita mwenye sweta ya kijani yenye picha ya theluji, ambaye aliamini mwanamke hawezi kulenga shabaha. Kabula alimnyamazisha siku ya kwanza tu. Mimi nilikuwa mbovu wa kuruka mashimo, lakini Kabula alikuwa akinisubiri ukingoni, anafyatulia risasi adui mmoja mmoja huku ananisimanga: "Ruka basi, Sesi! Unasubiri daraja lijengwe?" Tulifika mbali kuliko wote, mpaka tukauona mlango wa chuma. Tukafa palepale, na ukifa unarudi mwanzo kabisa. Hakuna mtu Majengo nzima aliyekuwa ameona ng'ambo ya ule mlango.

Likizo ya mwezi wa sita ikafika, na malisho yakapungua. Baba yake Kabula akaamua kuteremsha ng'ombe bondeni, upande wa Kaoze, na familia yote ikaondoka naye. Kabula alikuja kuniaga pale dukani. "Shule ikifunguliwa narudi," alisema. "Na wewe usiingie kule mlangoni bila mimi. Ukiingia nitajua." Nikamwambia siwezi kuingia. Nilimaanisha kabisa.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu akaita majina, akafika kwa Kabula, kimya. Kesho yake kimya. Wiki ikaisha nusu ya dawati langu ikiwa tupu, na mimi gemu inaniwasha vidole. Ningeweza kucheza na mtu mwingine, lakini kumkalisha mtu kwenye kiti cha Kabula niliona ni usaliti. Nikaenda kwa Baba Fidelis. "Shikamoo." "Marahaba. Mwenzio yuko wapi?" Nikajibu, "Yuaja." Mungu anisamehe, yule mzee aliniamini.

Nikashika pedi yangu mikononi, ya Kabula nikaiweka chini, nikavua ndala, nikaanza kumchezesha kwa vidole vya mguu wa kulia. Msinicheke. Hiyo akili niliitoa shambani. Nyie mnakumbuka kina mama walivyolima ulezi kwa kusaidiana, leo kwa huyu kesho kwa yule, watu wamejipanga kila mmoja na mstari wake wa matuta. Mtu akiugua, mstari wake haukurukwa. Jirani yake alilima hatua chache kwake, akarudi akalima hatua chache kwa mgonjwa, wakaenda sambamba hadi mwisho. Mama yangu alikuwa mkali mno kwenye hilo. "Usimwache mwenzio nyuma," alisema, "shamba likikaa upogoupogo watu watajua lina wachoyo."

Basi nami nikawa hivyo. Hatua tatu bluu, hatua tatu mwekundu. Na kwa kuwa ulimi wangu haujui kunyamaza, nilikuwa nasema naye. "Kabula, inama! Kabula, ruka! Haya, pole, twende." Wavulana walikufa kwa kicheko. Mchezo uliochukua watu nusu saa mimi uliniweka jioni nzima, foleni ikawa inanung'unika, na Pius ananiambia, "Muulize basi mwenzio kama amekula."

Lakini nyie mnaujua mji wetu. Kwingine mtoto akiongea na kiti kitupu watu husema ana utoto. Sumbawanga, mji uliovuma kwa uchawi? Weee! Kabla sijafika hatua ya pili, habari ilishafika nyumbani kwamba Sesilia yupo nyuma ya duka anazungumza na mtu asiyeonekana, na mtu mwenyewe anamjibu. Mama alikuja amejifunga kitenge kiunoni, rozari mkononi, na nyuma yake jirani zetu wawili waliokuja kushuhudia. Chumba kizima kikasimama. Pius alijibanza nyuma ya gunia la maharage.

Mama akanitazama mikono, akatazama mguu wangu uliokuwa unatetemeka kwa baridi juu ya pedi, akatazama tivii. "Unasema na nani?"

"Na Kabula. Yule mwekundu."

"Kabula yuko Kaoze."

"Ndiyo, mama. Namlimia mstari wake."

Wale jirani wakatazamana. Mama akasogea karibu na kioo, akakikodolea macho kama anachagua mchele. Akasema, "Mbona umemwacha nyuma? Mngoje." Akaivaa rozari shingoni, akageuka, akaondoka, na wale majirani wakamfuata kwa masikitiko ya watu waliokosa jambo. Jioni nilipigwa hata hivyo, lakini kwa kosa la kuchelewa kuchota maji. Kwa lile la kiti kitupu hakunigusa.

Wiki ya tatu Baba Fidelis akatangaza kwamba tivii na gemu vimepata mteja wa Namanyere, Jumamosi vinaondoka. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuzungumza lugha mbili. Kabula hajarudi. Pengine harudi tena. Na ng'ambo ya mlango ule, nisipoiona Ijumaa, nisingeiona maisha. Niliwaza usiku, niliwaza kwenye misa, niliwaza mwalimu akiwa anafundisha hesabu za sehemu na mpaka leo sehemu zinanipiga chenga. Ijumaa nikaenda.

Siku hiyo nilicheza kama nimetumwa. Mguu wangu ulikuwa umeshakuwa fundi. Tulivuka mashimo yote, mimi na mwekundu wangu, na hakuna aliyecheka tena. Pius mwenyewe alikuwa amepiga magoti pembeni ananong'ona, "Taratibu, Sesi, taratibu." Tukafika mlangoni. Mlango ulikuwa hivi: askari mmoja anaunyanyua na kuushikilia, mwenzake anapita, halafu aliyepita anakanyaga jiwe linaloonekana ndani mlango ukinyanyuliwa, ili ubaki wazi, na yule wa nje anaingia.

Ningeweza kumtanguliza Kabula. Hili sijawahi kumwambia mwanangu, nawaambia nyie. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua nani ashike na nani apite, na nilijipitisha mimi. Nilimwacha mwekundu anashikilia kwa kidole gumba cha mguu, bluu nikamwingiza. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi kwa baridi. Kabla sijafika kwenye jiwe, kikateleza. Mlango ukashuka, pwaa! Mwekundu akabaki nje.

Nilisubiri gemu iniambie nimeshindwa. Haikusema. Kumbe yenyewe haikujali, mmoja akiingia inatosha. Muziki ukapigwa, fataki zikaruka, askari wa bluu akanyanyua mikono peke yake. Wavulana wakanibeba juu juu hadi barabarani, Pius akipiga kelele kwamba Sesi ameona mwisho, na mimi huko juu nalia. Walidhani ni furaha. Nilikuwa naona aibu ambayo sikuwa nayo hata siku nilipojikojolea kwenye gwaride.

Jumatatu, nani kasimama mlangoni mwa darasa? Kabula. Alikuwa amekonda, malaria ya bondeni ilimlaza wiki tatu nzima. Hajaketi, watu wakamwambia. "Sesi kamaliza Mapacha! Wewe ulibaki nje!" Alikaa nusu yake ya dawati, akatoa daftari, hakunitazama. Kabula yule wa kicheko cha kufika ofisini, vipindi viwili akawa anaandika tu kama nusu yangu ya dawati haina mtu. Nilitamani anipige. Nilihisi nimempoteza, na nilijua ni kwa mikono yangu mwenyewe.

Kengele ya mapumziko ilipolia nikamweleza yote, upesi upesi, kiti, mama, rozari, Namanyere, ganzi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo wewe ulijichezea kwa mikono," alisema, "mimi ukanichezea kwa mguu?"

"Ndiyo."

"Mguu ulioosha?"

Nikasema sikumbuki. Hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya madarasa, mahali walipoegemeza mbao za madawati mabovu. Akachora mstari chini kwa kisigino. Akachagua ubao mrefu kuliko wote, akanikabidhi. "Nyanyua." Nikaunyanyua juu ya kichwa. "Huo ndio mlango. Shikilia, mimi napita."

Alipita, jamani, nyie! Alipita kwa madaha ya bibi harusi. Alifika katikati akakumbuka kitu, akarudi nyuma. Akaanza tena. Akasimama chini ya ubao akafunga kamba za viatu, naye hakuvaa viatu. Akatafuna karanga moja moja. Darasa zima lilikuja kutazama, Pius akajitolea kunisaidia, Kabula akamfukuza: "Mwache, ni mlango wake." Mikono iliniwaka moto, machozi yananitoka, sasa nacheka nalia yote pamoja. Kengele ilipolia ndipo alipovuka mstari, akageuka akaninyooshea mkono. "Haya, na wewe ingia." Nikautupa ubao, nikaingia.

Mwaka uliofuata baba yake alihamisha ng'ombe tena, mbali zaidi, na sijamwona Kabula hadi leo. Nimeuliza watu wa minadani, hakuna anayejua. Nilipomsimulia habari za Kabula, mwanangu aliniuliza, huku anabofya, kwa nini nisitafute mtu mwingine wa kuwa rafiki mkubwa kiasi kile. Sikumkasirikia. Yeye akimkosea mwenzake anamfuta, au wanatumiana kwenye simu kile kidoti chenye uso unaocheka yakaisha, na pengine wamerahisishiwa. Mimi nami tangu wakati ule nimekosea watu wengi, na wengi wamenijibu kwenye simu "usijali", halafu taratibu wakaacha kupiga. Hakuna hata mmoja aliyenipa ubao nibebe.