Baba anajua kaka alisema kweli, ila hawezi kutamka

Admin, naomba unifichie jina, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, anayeniandikia ni mjukuu wangu. Nimeolewa Korogwe, lakini sasa nipo Handeni nyumbani kwetu, namuuguza baba yangu. Ana miaka tisini na kitu.

Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa tulikuwa tunakaa bondeni, karibu na mto. Baba alikuwa mwenyekiti. Kaka yangu mkubwa alikuwa chuo, anasomea kilimo, na kijiji kizima kilijivunia yeye. Alikuja likizo akakuta tumeambiwa tuhamie juu, kando ya barabara. Akabeba jembe, akaenda kuchimba mashimo kule, akachukua udongo kwenda kuupima chuoni.

Aliporudi tena kulikuwa na mkutano. Akanyoosha mkono, akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mimi siupingi ujamaa. Nasema pale juu mwamba uko karibu, mahindi yatakauka kabla hayajabeba. Tusogee hata upande wa pili wa kilima."

Wakubwa wa wilayani walikuwa wamekaa mbele. Wakamtazama baba. Baba akasimama. "Anayepinga maendeleo si mwanangu. Mtoeni." Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake, akavuta khanga akafunika uso.

Habari zikafika chuoni. Mwalimu aliyepima naye ule udongo alimwita pembeni akamwambia, "Vipimo vyako ni sahihi, lakini mimi nina watoto." Wenzake waliokuwa wakibishana naye kila siku juu ya haki na ukweli, wote kimya. Akatakiwa akiri mbele ya wanachuo kwamba alidanganya. Alikataa, akafukuzwa. Nyumbani hakurudi, akaenda Kabuku kukata mkonge.

Sisi tukahama. Mahindi yalitoka vizuri, yakafika magotini, kisha yakanyauka yote. Tukala unga wa njano wa msaada, na ulipokwisha tukachimba mizizi porini. Mdogo wetu Mwanaidi, niliyekuwa nambeba mgongoni, tulimzika msimu ule. Hatukuwa peke yetu, nyumba nyingi zilizika. Baba aliwaambia watu ni mapenzi ya Mungu. Mama aliamini hivyo mpaka anaingia kaburini.

Miaka yote hiyo kaka na baba hawajaonana. Sasa baba amedhoofika, kila akiamka anamtaja. Nikaenda Kabuku. Kaka naye mzee, anatembelea fimbo. Nilimwamkia, nikamwambia baba anamwita. Akasema, "Alinikana mbele ya watu. Aseme mbele ya watu kwamba nilisema kweli. Akisema tu, nitakuja hata kwa kutambaa."

Nilimfikishia baba nikijua atakasirika. Akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata kwa Mwanaidi.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mimi ni mkulima, udongo ule niliuona. Niliogopa."

"Sasa unaogopa nini, baba? Waliokutisha wameshakufa."

"Niliowahamisha bado wapo. Hawa wanaokuja kunijulia hali, wanaoniletea uji, walizika watoto pale. Wameshajipoza na mapenzi ya Mungu. Leo niwaambie ilikuwa woga wangu?"

Tangu siku hiyo wazee wakija nakaa nao barazani, lakini siwezi kuwatazama usoni. Kuna bibi mmoja alizika wawili. Juzi alimshika baba mkono akamwombea dua ndefu, anamshukuru kwamba hakuwaacha wakati wa njaa. Baba alifumba macho, machozi yanamtoka, na yule bibi akadhani ni maumivu.

Nikilisema mimi, nimemvua baba nguo akiwa kitandani, na nimewafukulia watu makaburi ya watoto wao. Nikinyamaza, kaka hatakuja, na baba atakufa akimwita. Na kaka hajaomba kikubwa. Ameomba kweli yake tu.

Jana kaka alinipigia simu. Hata salamu hakuitikia vizuri, aliuliza tu, "Amesema?" Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii, nikakata.

Baba hali chakula tena. Nyie mliopitia mambo ya wazazi na ndugu, msinicheke. Nishikeni mkono mnielekeze, nifanye lipi wakati bado anapumua?