Jina la Alwyn Mferejini

Glenys Tunnicliffe alikuwa na miaka sitini na minane, na kila asubuhi isiyo na barafu alishuka mferejini hapa Audlem, kijiji chetu cha Uingereza, akautia majini ubao wa mumewe, akasimama juu yake na kupiga kasia polepole hadi kwenye malango ya maji, kisha akarudi. Alwyn alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita. Watu walileta keki na kadi za pole, wiki tatu zikapita, wakarudi kuzungumzia mvua. Kwetu hiyo ndiyo adabu: marehemu hatajwi, mjane asije akalia mbele za watu. Adabu ya ovyo kabisa, lakini ndiyo tuliyolelewa nayo.

Hapa hakuna apitaye majini bila leseni, awe na mashua au ubao. Tena leseni ya ubao ni ya mtu. Haiazimwi wala hairithiwi. Glenys aliijua sheria hiyo, maana alikuwa karani wa shule miaka thelathini na fomu hazikumtisha. Hata hivyo alipita na kadi ya Alwyn ndani ya mfuko wa jaketi okozi.

Haukuwa ubahili. Muda mfupi baada ya mazishi alikaa na simu ajiandikishe mwenyewe. Fomu ikamwambia anwani hiyo tayari ina mwenye leseni. Je, anaondolewa kwa sababu gani? Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: amehama, ameacha, amefariki. Aliizima simu. Benki walikwisha kumfuta Alwyn, daktari naye, hata maktaba. Kwenye daftari la mfereji tu ndiko alikobaki hai, na Glenys aliamini kwamba kila Aprili leseni ile ilijihuisha yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini afichaye kifo chenyewe, ataumbuliwa na nini?

Mkaguzi wa leseni alikuwa Desmond Oakes, mstaafu aliyejitolea. Kila alipomwona Glenys akija, aligeuka na kuwatazama bata kwa makini mno.

Asubuhi moja ya Oktoba hakuwatazama bata. Alisimama ukingoni na kishikwambi mkononi.

"Umevaa nini kichwani, bibie? Kava ya buli?"

"Inanikinga na maneno yako, Des."

Desmond alicheka kidogo, akakohoa. "Wametupatia hili dude. Kila apitaye lazima nimwandike."

"Basi andika. Tunnicliffe." Glenys alimnyooshea kadi.

Desmond hakuipokea. "Hiyo haifai, Glenys."

"Kwa nini isifae? Ni ya Alwyn."

"Ilifutwa. Mwaka jana, mwezi Machi. Joan wako aliwaandikia."

Joan alikuwa binti yao, mtu wa kupanga kila kitu. Bila shaka alidhani anampunguzia mama yake kazi. Ubao uliyumba, Glenys akapiga magoti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Hata Pat wa dukani anajua, na hawa wa kwenye mashua. Tuliona tusikuumize, bibie."

Kwa mamia ya asubuhi alikuwa amemlinda mtu ambaye hakuwapo, na sisi sote tukimpisha kwa salamu na maneno ya hali ya hewa. Alishikwa na aibu, halafu hasira, na hasira ilipopungua uchungu ukaja mpya kama wa siku ya kwanza.

"Mngeniambia, wapumbavu nyie. Hata mmoja wenu asilitaje jina lake? Hata mara moja?"

Desmond alifungua fomu kwenye kishikwambi. "Ni dakika tano tu. Nikuandikishe hapa hapa, uendelee na safari."

Glenys akataja jina lake, mwaka wa kuzaliwa, na nyumba. Alikuwa akilia waziwazi, watu wakimwona kutoka kwenye mashua mbili, wala hakujifuta.

"Basi, imekubali," alisema Desmond.

"Hawaulizi kama nina mume?"

"Hawaulizi."

"Andika mjane."

"Hakuna nafasi ya hilo, Glenys."

"Itafute. Andika Alwyn amekufa. Nataka nikuone ukiandika."

Desmond alivua glavu, akaipata nafasi ya maelezo mengine, akaanza kuandika, herufi moja moja.