Tulivyotoa mbuzi kwa ajili ya puppy wa shelter, karibu tunyang'anywe puppy mwenyewe

Wakuu, hamjambo huko mliko. Humu mimi ni msomaji tu. Nikiandika ni kusahihisha watu Kiswahili, kisha natukanwa. Leo nina habari yangu mwenyewe na nimeshindwa kukaa nayo. Yote yalitokea, hata yale yanayoniaibisha, na hayo ndiyo mengi.

Niko Mutomo, upande wa Kitui. Umri wangu ni ule wa kuinuka kitini kwa sauti. Kazi yangu ni kuandika insha, yaani nyumbani nahesabiwa kama mtu asiye na kazi.

Binti yetu Mutheu na wadogo zake wameenda kujitegemea, nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kusikiliza friji. Nikamwambia mke wangu tuchukue mbwa.

Mama Mutheu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Hasemi jambo mara mbili.

"Baba Mutheu, watoto wametoka juzi tu ndio nikapumua. Wewe leta mbwa, lakini mimi simgusi. Mbwa ni wa nje."

Mimi nilisikia "leta mbwa" tu.

Sasa kwetu huku mbwa hatafutwi. Mbwa wa jirani akizaa unaitwa, unabeba mmoja kwa kikapu, mmemalizana. Lakini mimi nilienda chuo kikuu, kwa hivyo ilibidi nifanye mambo yawe magumu. Nikaenda shelter.

Iko ng'ambo huko Makueni, nje ya Kibwezi. Mwenye nayo ni nesi mstaafu, tumwite Mama Ndinda. Anaokota mbwa waliotupwa barabarani, anawatibu, halafu anawatafutia watu.

Nilidhani nitachagua na kuondoka. Wakuu, niliketishwa! Atakula nini? Nani atabaki naye ukisafiri? Una hasira za haraka? Mkeo amekubali? Wakati wa kuoa sikuulizwa hivyo. Baba mkwe aliuliza kazi yangu tu, nikasema naandika, akanyamaza kwa huruma.

Nikaletewa puppy jike, rangi ya udongo wa barabara, miguu mirefu kuliko akili. Nilipomwinamia akanipigia chafya usoni. Basi. Mambo yangu yakaishia hapo.

"Lakini bado ni wangu," Mama Ndinda akasema. "Nitakuja kwako nione anavyoishi. Nisiporidhika, narudi naye."

Nikakubali vile mtu anakubali masharti ya app bila kuyasoma.

Siku za kwanza zilikuwa kazi. Huyu mtoto alikulia kwa simiti ya shelter. Mchanga wa Mutomo saa sita mchana unajua kuchoma, kwa hivyo alikuwa akiinua mguu, anaurudisha, anainua mwingine, kama mzee anayejaribu maji ya kuoga. Jogoo wetu akamfukuza mpaka chini ya tangi la maji. Nilishinda nimelala kwa tumbo hapo, nikimbembeleza na ini la kuchemsha, huku wapita njia wakinisalimu kwa heshima ile ya kusalimia mgonjwa.

Nikamjengea nyumba. Mbao, mabati, mlango wa upinde. Nikawatumia watoto picha. Mama Mutheu alikuja, akaweka kiganja juu ya bati, akakitoa mbio.

"Hii oveni ni ya mkate ama ya keki?"

Puppy hakuingia hata mara moja. Kuku mmoja aliingia jioni moja, akataga, na hajatoka.

Kule shelter alikuwa anaitwa Princess. Mama Mutheu akasema hakuna Princess atakayeitwa kwa sauti katika boma lake. Halafu tukaanika ndengu kwenye turubai, puppy akaenda katikati, akajiviringisha kwa raha zake zote, ndengu zikatawanyika mpaka mlangoni pa choo.

"Wewe Ndengu! Toka hapo!"

Jina likashika.

Na wakuu, taratibu akafunguka! Siku aliyobweka mara ya kwanza, alikuwa anabwekea beseni lililoanguka. Alishtuka kuliko beseni. Akageuka nyuma kutafuta ni nani huyo amebweka. Nilimpigia Mutheu simu Nairobi papo hapo.

"Amebweka!"

"Baba, uko sawa? Nani amebweka?"

Hapo ndipo nilijua kwamba akichukuliwa, sitapona haraka.

Na ndipo Mama Ndinda akapiga simu kwamba anakuja Jumamosi.

Nilimweleza mke wangu vizuri kabisa: ni ukaguzi, anakuja kuona mbwa, atakaa kidogo aende. Alielewa. Lakini mtu anayekuja kuangalia boma, kwa Mkamba, hawezi kuangalia boma akiwa na njaa. Chapati zikasukumwa. Kuku wakachinjwa. Muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, ukawekwa motoni mapema. Viti vya plastiki vikatoka kanisani, na viti vya kanisa haviji peke yao, vinakuja na watu. Akina mama wakaja kusaidia, kila mmoja na wa kumsaidia, na mchungaji wao nyuma.

Halafu akafika kaka yangu mkubwa, Kilonzo, amevaa koti. Niliona lile koti nikaogopa. Kilonzo ndiye msemaji wa ukoo wetu kwenye mambo ya mahari. Akiona wageni wamekaa na soda mkononi, anasimama.

Mama Ndinda akateremka kwa pickup yake, akaona umati, akanivuta kando.

"Pole sana. Kuna matanga?"

"Hapana. Ni wewe."

Akaanza kazi yake. Akaona maji, akaona ua, akaitikia kwa kichwa. Akainama kwenye nyumba ya mbwa. Kuku akamtolea macho.

"Na huyu?"

"Huyo ni mpangaji."

Hakucheka. Tukaketi, Ndengu akiwa miguuni pangu na kipande cha ini. Na Kilonzo akasimama.

"Watu wa Makueni," akaanza, ingawa mtu wa Makueni alikuwa mmoja tu, "mmetupatia msichana. Sisi watu wa Kitui hatujui kuchukua mtoto wa wenyewe mikono mitupu."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akivuta mbuzi jike mnene, wake mwenyewe. Mbuzi wa ntheo! Kwa wasiojua, ntheo ni mbuzi ambao upande wa mume hupeleka kwao msichana, ijulikane kwamba huyu sasa ana wenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, mjinga mimi.

Uso wa Mama Ndinda ulikuwa umefunga.

"Baba Mutheu, mimi nimekuja kukagua. Nikiondoka na mbuzi na kuacha mbwa, hiyo watu wataita nini?"

Kila mtu alijua wataita nini. Vigelegele vikakauka.

"Na kwa kazi hii yangu," akaendelea, "anayenipa kitu huwa na kitu anaficha." Akaitazama tena ile nyumba ya kuku. "Huyu mtoto analala wapi?"

Wakuu, nilikuwa sijui! Jioni nilikuwa namtandikia gunia barazani, asubuhi namkuta amesimama nje ya jikoni ameshiba usingizi. Katikati sikuwahi kuuliza. Nikaona Mama Ndinda anatafuta funguo za gari, na kamba ya mbwa iko mkononi.

Sasa mbuzi naye alikuwa bado hajapona vile vigelegele. Akamvuta Kilonzo, kamba ikamponyoka, akapita katikati ya viti, sufuria ya kuku ikaenda chini kwa kishindo.

Ndengu akaruka. Akanipita mimi, baba yake wa ini. Akampita Mama Ndinda aliyemtoa barabarani. Akaipita nyumba yangu ya upinde. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Mutheu, ambaye alikuwa anamfokea shemeji yake. Na mke wangu, bila kukatiza hata neno, akainua pindo la leso, puppy akaingia, leso ikashuka.

"Kilonzo, si nilikwambia mbuzi afungwe? Sasa hiyo supu utailamba wewe?"

Ndipo alipogundua kwamba watu wote wanaangalia miguuni pake. Leso ilikuwa na mkia.

"Si ulisema humgusi?" nikamuuliza.

"Simgusi. Ni yeye ananigusa." Halafu akamgeukia mgeni, kwa sababu mbele ya kanisa zima hawezi kudanganya. "Analala jikoni kwangu. Kule nje kuna baridi."

Baridi, wakuu. Mutomo.

Mama Ndinda alicheka mpaka akavua miwani. "Ua na maji mtu yeyote anaweza kupanga siku moja. Mimi huwa nangoja mbwa aogope. Kuna wale wanakimbilia barabarani. Huyu amekimbilia kwao. Abaki."

Sijui nilisema nini. Naambiwa nilimkumbatia mchungaji.

Ikabaki mbuzi. Kilonzo, supu ikiwa kwenye koti, hakulegea: "Ukimkataa, umekataa ndoa." Na Mama Ndinda ni Mkamba, alijua hivyo ndivyo ilivyo. Akatafuna chapati yake polepole.

"Nimempokea. Lakini hatoki hapa, mtanifugia. Nikija kumwona mbuzi wangu, nitamwona na mtoto wangu."

Kilonzo akaketi. Amejadiliana mahari maisha yake yote, anajua akishindwa. "Hawa watu wa Makueni na maembe yao," akasema, "hawa watu!"

Funzo langu ni dogo. Ukichukua mbwa wa shelter, mpe nafasi achague wake mwenyewe, na usivunjike moyo akikuruka. Na tafadhali, mabati hapana.

Sasa nisaidieni. Yule mbuzi ana mimba. Kilonzo anasema watoto ni wa boma linalomlisha. Mama Ndinda ametuma ujumbe kwamba mtoto hufuata mama. Anayekata majani ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Wenye kujua sheria ya ntheo, karibuni hapa chini, na semeni haraka, kiwele kimeshajaa.