Nyumba Isiyo na Mwanaume

Wankyo hakuipenda redio, na hakuwahi kuficha. Redio ndiyo iliyomhamisha. Mwaka wa sabini na nne sauti nzuri ya mwanaume aliyekuwa Dar es Salaam ilisema watu wote wakaishi vijijini, na baada ya wiki chache lori likasimama mbele ya boma lake, ng'ambo ya Butiama, likabeba milango, mitungi, kuku, na yeye mwenyewe juu yake. Hakuna aliyemuuliza. Kaburi la mumewe lilibaki peke yake kwenye shamba la mtama, naye akapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka, karibu na nyumba ya balozi, msimamizi wa nyumba kumi. Tangu siku hiyo alijua kwamba ile sauti ikisema jambo, lori liko njiani.

Mumewe, Magige, alikufa mapema akamwachia mabinti wawili, bila mtoto wa kiume hata mmoja. Watu wakaanza kumwona kama mtu aliyekwisha. Wankyo hakukubali kwisha. Mabinti walipoolewa, ng'ombe wa mahari yao hakuwagusa. Aliwaswaga mpaka kwa baba wa msichana aitwaye Nyangi akamposa, kama wanavyofanya tangu zamani wanawake wa Mara wasio na mtoto wa kiume. Mwanamke anaoa mwanamke, yule binti anazaa, na watoto wanakuwa wa nyumba ya mama aliyetoa ng'ombe. Nyangi akazaa mtoto wa kiume. Wakamwita Magige. Wankyo alimbeba mjukuu huyo mpaka kiuno kikamuuma, na kila aliyepita njiani alielezwa kwamba nyumba hii sasa ina mwenyewe, atake asitake kusikia.

Aliyesikia bila kufurahi alikuwa Mwikwabe, mdogo wa marehemu. Bila mtoto yule, ng'ombe wa kaka yake waliobaki zizini wangemwangukia yeye. Alikuwa mtu wa maneno laini, haachi kuuliza hali, na Wankyo alimwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Kwangu, ndiye aliyetunza redio ya kijiji. Ilitolewa ili watu wasikilize masomo ya afya, na waliyasikiliza kwa adabu, wamekunja mikono. Lakini kilichojaza ua wa Kwangu ni mchezo wa Alhamisi jioni. Ulikuwa mchezo wa kumcheka Mzee Masikio, baba mmoja asiyefanya lolote nyumbani kwake mpaka redio imwambie. Ikisema mboga za majani ni afya, familia nzima inakula majani asubuhi mpaka jioni. Ikisema taifa linahitaji watu wanaoamka mapema, anawaamsha watoto kabla jogoo hajawika, wanakaa gizani hawana la kufanya. Watoto nao wameshamjua. Wanajificha nyuma ya nyumba, wanaiga sauti ya mtangazaji, na baba anatii. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakarudi makwao kuchimba vyoo kwa sababu redio ilisema wachimbe.

Alhamisi moja mkutano wa pamba ulichelewa kwisha. Kwangu alipofungua redio, mchezo ulikuwa umekwenda mbali. Betri zake zilikuwa hoi. Mchana kutwa alikuwa amezianika juani zipate nguvu, na alikwisha kuzing'ata kila moja. Sauti ilikuja kwa kukoroma, kisha ikanyooka ghafla, ile ile nzuri iliyoleta malori.

"Wananchi mnatangaziwa kwamba kuanzia mwezi ujao kila nyumba itatambuliwa kwa mwanaume wake. Nyumba isiyo na mwanaume mtu mzima itaunganishwa na ya ndugu wa karibu wa kiume, watu na mifugo. Mabalozi watasimamia."

Redio ikakohoa, ikakata roho. Kwangu aliipiga kofi, akatoa betri, akazing'ata tena. Hakuna aliyecheka. Wankyo alikuwa amesimama penye uzio akimngoja Nyangi, na akaona vichwa vinageuka kumtazama, kimoja baada ya kingine.

"Nyumba ya namna hiyo hapa ni ipi," Mwikwabe akauliza taratibu, "kama siyo ya kaka yangu?"

"Magige yupo," Wankyo akasema.

"Imesema mtu mzima, shemeji."

Asubuhi Mwikwabe alikuja na fimbo akafungua zizi. Wankyo alisimama mlangoni pa zizi, akamwambia apite juu yake kwanza. Mwikwabe hakupandisha sauti. "Mimi sichukui, shemeji. Mimi natekeleza tu. Leo ng'ombe, Jumapili nakuja kuchukua watu." Akampisha pembeni kwa mkono mmoja, na ng'ombe wakatoka.

Wankyo akaenda kwa Kwangu, nusu anatembea, nusu anakimbia.

"Balozi, wewe unanijua. Nilikuwaga na shida gani mimi, mpaka niunganishwe na mtu?"

Kwangu hakumtazama usoni. "Mama Justina, mwaka jana niliwachelewesha watu wawili tu kuhama. Uliona nyumba zao zilivyochomwa. Sasa hii imesema mabalozi watasimamia. Mabalozi ni mimi."

"Na kama haikumaliza kusema? Redio yako ilikufa katikati."

"Betri hakuna dukani. Kamati imeandika barua mpaka imechoka."

Binti mkubwa wa Wankyo, Justina, aliolewa Musoma, mtaa wa Kamunyonge, kwenye nyumba yenye redio. Wankyo alirudi kumuaga Nyangi. Alimkuta amekaa jikoni, mtoto mapajani, moto umezimika mbele yake.

"Akija usifungue. Mwambie nimekwenda kuuliza."

Nyangi akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Ni kweli ilisema watu na mifugo, mama?"

"Ilisema. Ndiyo naenda kujua."

Alipanda juu ya lori la pamba, katikati ya magunia. Aliogopa kumkosa Justina, na aliogopa zaidi kumkuta na kuambiwa kwamba ni kweli.

Justina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko akashikilia ukuta. Wankyo alitamani kumzaba kofi, ingawa alikuwa mtu mzima.

"Mama, mlisikia kipande. Hiyo siyo serikali. Ni wale watoto wa Mzee Masikio, wako nyuma ya nyumba wanaigiza. Mbele kidogo wanasema baba anayengoja redio imwambie la kufanya hahesabiwi mtu mzima, ili ahamie kwa mdogo wake, wapumue. Si ni mchezo?"

"Sauti ilikuwa ile ile."

"Ndiyo utani wenyewe huo."

Wankyo alikaa chini sakafuni. Alisikia furaha ikimpanda, na nyuma ya furaha hasira, kwamba mtu amekaa mjini anatunga vichekesho na yeye ng'ombe wake wamekwenda. Justina akachomoa betri kwenye redio yake akampa. Mchezo, alisema, hurudiwa Jumamosi saa kumi.

Jumamosi lori liliharibika kabla ya njia panda. Wankyo hakungoja litengenezwe. Alishuka akatembea, betri amezifunga kwenye pindo la kitenge, na alipofika kwa Kwangu jua lilikuwa limeinama na kijasho kilikuwa kinamwingia machoni. Mwikwabe alikuwepo. Hakutaka kungoja Jumapili. Alikuja kumwomba balozi wafuatane kumchukua Nyangi na mtoto.

"Fungua," Wankyo akamwambia Kwangu, akamwekea betri mkononi.

Redio ikalia kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika. Watu wakaja. Wakamsikia Mzee Masikio akila majani yake, wakawasikia watoto wakinong'onezana nyuma ya nyumba, kisha ile sauti: wananchi mnatangaziwa. Mtoto mmoja kwenye mchezo akashindwa kujizuia akacheka, na Mzee Masikio akaanza kufunga mizigo, anamwita mkewe, anamfukuza jogoo wake amhamishe naye. Ua wote ukalipuka. Kwangu alicheka mpaka kofia ikaanguka, labda kwa kushusha pumzi zaidi kuliko kufurahi. Mtu mmoja akamwita Mwikwabe Mzee Masikio, na jina hilo hakulivua mpaka kufa kwake. Aliwarudisha ng'ombe kabla jua halijazama, bila kusema hata neno laini moja.

Katikati ya kicheko Wankyo alimtafuta Nyangi kwa macho ili wacheke pamoja. Nyangi alikuwa amesimama mbali, mtoto mgongoni. Hakuwa akicheka. Alikuwa anaitazama redio, midomo ameibana, kisha akageuka akaenda.

Wankyo alimkuta ndani. Mlangoni palikuwa na furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, limefungwa vizuri, siyo kwa haraka.

"Ulikuwa unamfuata Mwikwabe?"

"Mwikwabe simtaki." Nyangi alimshusha mtoto, akampa kipande cha muhogo. "Ila ile sauti ilisema nyumba hii imekwisha. Nikasema moyoni, nikitoka hapa, sirudi hapa na siendi kwake. Naenda kwetu. Usiku ule nililala vizuri, mama. Sijalalaga hivyo tangu nije."

Wankyo alikaa juu ya kinu. Alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Alimkumbuka msichana aliyeletwa baada ya ng'ombe kutolewa, ameinamisha kichwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyoshughulika kuwaonyesha wageni mahali pa kukaa. Hakumuuliza kitu siku ile. Hakuna aliyemuuliza.

"Basi leo nakuuliza mimi," akasema. "Siyo redio. Unataka kwenda?"

Nyangi akamvuta mtoto karibu.

"Nikienda, Magige anakuja na mimi?"

Nje watu walikuwa bado wanaigiza, wananchi mnatangaziwa, na kicheko kikifuata. Mtoto alitafuna muhogo wake. Wankyo alifungua mdomo, na alijua jibu alilopaswa kutoa, na alijua lile alilokuwa nalo.

"Magige ni wa nyumba hii."

Nyangi aliinama, akaanza kufungua ile kamba ya katani, fundo kwa fundo.

"Basi usiniulize, mama."