Gauni Lililovaliwa Dilolo

Niliondoka Kolwezi kwa sababu moja: kumvalisha gauni Ritha. Msinicheke. Ritha alizaliwa mtaani kwetu, akahamia Luanda, akawa mwanablogu wa mitindo, na tangu hapo wanawake wa kuanzia Fungurume mpaka Kasaji hawashoni kikwembe, kitenge chao, kabla hawajaona kwenye simu yeye amevaa nini. Zamani mteja aliingia kwangu, akanyoosha kidole kwenye bango la mitindo ukutani, tukaelewana. Siku hizi bango lile nalifuta vumbi tu.

Mama Kabedi, mteja wangu, alikuwa anaoza binti, na ukoo mzima ulitaka sare ya arusi. Gauni la mfano nililoshona alilipenda, akaligeuza ndani nje, kisha akasema, "Ritha akiivala, shiye bote tutashona kwako. Kama haivale, mi naogopa." Na mimi nilikuwa nimebanwa vibaya. Mtaa wetu umekalia shaba, na mgodi unaitaka. Nyumba zilikuwa zimeshapigwa msalaba mwekundu ili zibomolewe, na bila kazi ile nisingeweza kupanga chumba kingine cha cherehani zetu, mimi na wenzangu wawili. Ndipo tukasikia kwamba Angola inawafukuza Wakongomani, na kwamba Ritha yuko Dilolo, mpakani. Nikafunga gauni kwenye mfuko, nikapanda lori.

Njia ya Mutshatsha sitaki hata kuikumbuka. Tulikwama kwenye matope, tukasukuma, tukakwama tena, na mimi muda wote mfuko uko kichwani usije ukaloa.

Kasaji nililala kwa Mama Vero, muuza mihogo karibu na stesheni. Aliposikia gauni ni la Ritha alinawa mikono kwanza ndipo akaligusa. Blauzi yake mwenyewe ilikuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Nikamwambia nitamrekebishia bure, akakataa katakata, akanionyesha simu: kwenye picha Ritha alikuwa amesimama ubavu, mkono wa pili umejikunja, na fundi wa Kasaji alikuwa ameukata vilevile alivyouona. Nilicheka mpaka machozi. Ndicho kicheko changu cha mwisho katika safari hii.

Dilolo nilifika kwa pikipiki. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu waliovushwa mpaka kwa nguvu, na magodoro, masufuria, watoto wanaolia. Ritha nilimpita mara mbili bila kumtambua. Alikuwa anasugua sufuria, amevaa fulana ya mwanaume na kandambili zisizofanana. Masanduku yake yote yalibaki ng'ambo, askari waliyachukua. Simu tu ndiyo aliyoificha mwilini. Aliponiona alinikumbatia, akalia, nami nikaona haya kutoa mfuko. Lakini niliutoa.

Alilivaa palepale, juu ya fulana. Lilimkaa, jamani, lilimkaa! Nikamvuta twende nyuma ya kanisa penye ukuta safi, nimpige picha. Akakataa.

"Hapana, mama Odile. Unipige hapa, pamoja na hawa. Batu baone vile banatufanya."

Nikafikiri, haidhuru, watu wataangalia nguo. Nikapiga picha mwenyewe: Ritha mbele, na nyuma yake wale watu na mizigo yao. Akaituma kwa wafuasi wake. Gauni nikamwachia, maana hakuwa na lingine.

Njiani kurudi, soko la Kasaji, nikasikia jina. Kwetu mtindo hauuziki bila jina, na jina wanalitoa mama za sokoni. Likishatoka hakuna wa kulifuta. Gauni langu walikuwa wameshaliita Refule. Ni Kifaransa cha aliyefukuzwa akarudishwa alikotoka. Mama Vero alininong'oneza kwamba hata wanablogu wa Lubumbashi wameshalirusha kwa jina hilo, wanacheka.

Mimi neno hilo nalijua. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Nilipokuwa mdogo watu wetu wa Kasai walifukuzwa Katanga, jimbo hili hili la Kolwezi, wakaitwa hivyohivyo, wakalala stesheni ya Kolwezi wakingoja treni wiki nyingi. Mdogo wangu Mbuyi alifia pale, kwenye saruji. Sisi tukarudi baadaye, kwa sababu hatukuwa na kwingine. Pale sokoni nilikaa chini.

Kolwezi nilifikia moja kwa moja kwa Mama Kabedi. Alinipa kiti, akanipa maji, akanishukuru kwa kujichosha. Kisha akasema polepole, "Gauni ni muzuri sana, mama Odile. Lakini mutoto yangu aingie kwa bwana yake na jina ya kurudishwa? Hata weye hungekubali." Kazi ilikuwa imeshakwenda kwa fundi mwingine, kwa mtindo wa mwanablogu mmoja wa Lubumbashi. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mkitaka kujua nilichojifunza, ni hiki. Nilidhani Ritha anavipa vitambaa bahati yake, basi nikimfikia nitapata yangu. Kumbe watu wanafuata bahati tu, na siku ikimtoka mtu, hata alichovaa wanakiogopa. Sasa sijui nishone nini, wala nimshonee nani.

Asubuhi tingatinga lilipoingia mtaani, tulizitoa cherehani tatu tukaziweka kando ya barabara. Mimi nilikuwa nimejifunga kikwembe cha zamani cha mama yangu, cha bluu, ambacho hakijawahi kupewa jina lolote. Binti mmoja nisiyemjua akasimama mbele yetu, akainua simu.

"Mwanangu, tafadhali," nikamwambia, "usitupige."

Alikuwa ameshapiga.