Kompyuta Aliyoifungua Chapchap

Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, na hata waliolijua jina lake la kuzaliwa walikuwa wamekwisha kulisahau. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa kompyuta, katika chumba kilichobanwa kati ya fundi cherehani na muuza viatu. Alipenda kusema kwamba hakuna mashine iliyowahi kuingia mlangoni kwake ikatoka maiti. Alilisema hilo mara nyingi, hata kwa wasiouliza.

Mkewe alifundisha watoto viziwi katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumbani, na yeye aliitwa Mwalimu tu. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa akitengeneza kitabu cha ishara za mikono kwa ajili ya darasa lake. Kila neno lilikuwa na picha: mkono umekunjwa hivi, kidole kimegusa kidevu vile. Kazi yote hiyo ilikaa ndani ya kompyuta ya mezani pale pembeni mwa sebule. Bisibisi aliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, akampa mkewe zawadi alipojifungua mtoto wao wa mwisho. Mtoto huyo sasa yuko shule ya bweni na amempita mama yake kwa kimo, na kompyuta nayo imezeeka.

Ilinguruma kama mashine ya kusaga. Mwalimu alibonyeza picha, akaenda jikoni, akabandika chai, akarudi akakuta picha imefunguka nusu. Mbaya zaidi, kila baada ya nusu saa ilijizima yenyewe katikati ya kazi.

"Baba watoto, imezima tena."

"Kesho nitaiangalia."

Si kwamba hakuwahi kuiangalia. Miezi miwili nyuma aliifungua, akasema kwa uhakika kwamba tatizo ni kifaa cha kuingiza umeme, akakibadilisha, akanawa mikono. Wiki ile ile ikaanza tena kujizima. Kuifungua mara ya pili kungekuwa kukiri kwamba mara ya kwanza alikosea, na kukiri hakukuwa miongoni mwa vifaa vyake. Basi ikawa kesho, na kesho nyingine.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha, nalo lilikuwa mwanamke anayeitwa Chapchap. Huyu alijifunza ufundi kwake kwa miaka mitatu, akija kazini na mtoto mchanga mgongoni. Jina hilo alipewa na Bisibisi mwenyewe kwa sababu ya wepesi wa vidole vyake, na siku hizo alijivunia vidole vile kana kwamba alivitengeneza yeye. Kisha Chapchap akaaga kwa heshima, akafungua chumba chake mwisho wa barabara ile ile. Tangu hapo Bisibisi aligeuza kiti chake kikatazama nje. Akimwona mtu amebeba kasha la kompyuta kwapani, anapita mlangoni bila hata kugeuza shingo, moyo unamchoma.

"Wanakwenda kudanganywa wale," alimwambia fundi cherehani.

"Mbona hawarudi kulalamika?" fundi cherehani akauliza, uzi ukiwa bado mdomoni.

Siku hiyo hawakusemeshana tena mpaka jioni.

Jumamosi moja, kabla ya saa sita mchana, Bisibisi alirudi nyumbani kuchukua miwani aliyoisahau. Tangu nje alisikia mkewe anacheka, kicheko kile cha kushika mbavu ambacho yeye hakumbuki lini alikisababisha mara ya mwisho. Akaingia. Kompyuta ilikuwa imelazwa ubavu juu ya meza ya kulia, tumbo wazi. Mwalimu alikuwa ameshika tochi. Chapchap alikuwa ameinama na brashi ndogo, na pembeni yake pamerundikwa vumbi jingi kama manyoya ya paka.

"Shikamoo, fundi," Chapchap alisema akinyanyuka.

"Marahaba." Lilimtoka kama mtu anayetema kokwa. "Kuna nini hapa?"

"Nimemwita mimi," Mwalimu akajibu. "Nimechoka na kesho."

Chapchap, bila kujua pa kuweka macho, akaanza kueleza. Feni iliyo juu ya moyo wa mashine ilikuwa imezibwa na vumbi, na dawa ya kupozea iliyopakwa chini yake ilikuwa imekauka ikawa chaki. Ndiyo maana mashine ilipata joto ikajizima ili isiungue. Umeme haukuwa na shida yoyote. Na kwa kuwa Mwalimu anatumia picha nyingi, alikuwa ameleta kadi mbili za kumbukumbu na diski ya kisasa, ili mashine iongeze kasi.

"Fundi mwenyewe ndiye aliyenifundisha," alimalizia. "Alikuwa akisema, anza na vumbi kabla hujamlaumu mtu."

Alisema kwa wema kabisa, na wema wenyewe ndio uliomkera Bisibisi. Angetukanwa angejua la kujibu. Alichukua miwani yake, akasimama kizingitini akitazama mikono ile ikifunga na kubana kila kitu mahali pake, haraka, bila kutafuta. Kompyuta ikawashwa. Hakuna aliyepata muda wa kwenda jikoni. Ilikuwa kimya kiasi kwamba Mwalimu aliinamisha sikio kuhakikisha kama inafanya kazi. Kisha akabonyeza picha, ikafunguka papo hapo. Akabonyeza nyingine, na nyingine, akapiga makofi, akamkumbatia Chapchap.

Bisibisi akatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya mateso. Mkewe aliimba sifa za mashine asubuhi, akazirudia mezani. "Umeona? Imewaka kabla sijakaa vizuri!" Yeye alijikaza kisabuni, akajibu "mm." Kilichomuuma zaidi ni ule ukimya pembeni mwa sebule. Zamani hata akiwa chumbani aliisikia kazi ya mikono yake ikinguruma. Sasa kilichokaa pale ni kazi ya mtu mwingine, ndani ya kasha lake yeye.

Alhamisi alirudi mapema, nyumba haina mtu. Alijiambia anataka tu kuona jinsi ilivyofungwa. Akafungua kasha, akatafuta kosa kwa dakika nyingi, hakupata hata moja. Nyaya zilikuwa zimepangwa na kufungwa vizuri kuliko alivyozoea kuzifunga yeye. Hapo ndipo kijicho kilipompanda kichwani. Akafungua vibanio vya kadi zote mbili za kumbukumbu, akazinyanyua kidogo tu, zikabaki zimesimama bila kushika. Akafunika kasha, akafuta alama za vidole, akarudi dukani.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mashine itagoma, jina la Chapchap litaingia doa, na Mwalimu atamgeukia mumewe. Yeye ataitengeneza kwa dakika mbili, na kile kicheko kitakuwa chake.

Ijumaa alasiri Mwalimu alirudi nyumbani na walimu wenzake wawili kuwaonyesha kitabu. Bisibisi alikuwa amejikuta tu amekaa pale sebuleni na gazeti. Mwalimu akawasha. Mashine ikapiga milio mitatu, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha, milio ile ile. Bisibisi akakunja gazeti, akasimama taratibu kama daktari aliyeitwa.

"Hebu nione."

"Usiiguse," Mwalimu alisema, hata bila kugeuka. "Nampigia Chapchap."

Akakaa. Wageni wakatazama dari.

Chapchap alifika akihema. Alifungua kasha, akamulika ndani. Bisibisi aliyajua mawazo yake kana kwamba anayasoma: vibanio vile havifunguki vyenyewe, na vyote vinne vilikuwa wazi. Chapchap alinyanyua macho, akamtazama fundi aliyemfundisha, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeomba aambiwe kwamba si kweli. Kisha akabana kadi, moja, mbili, akafunika.

"Kosa langu, Mwalimu," akasema. "Sikuzibana sawasawa. Naomba unisamehe."

"Haya, mama, kukosea kupo," Mwalimu alimjibu, lakini sauti ilikuwa imepoa kidogo, na mmoja wa wale wageni akaguna.

Lile doa alilolitamani ndilo hilo, limetua mbele ya mashahidi. Bisibisi alingoja ule utamu wa ushindi. Haukuja.

"Si kosa lake," alijisikia akisema. "Nilizitoa mimi. Jana."

Wale wageni walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Chapchap alifunga mkoba wake na kuondoka pamoja na wageni. Mwalimu alibaki amesimama. Aliinua mikono, akamwambia kitu kirefu kwa ishara, vidole vikikatana hewani, kisha akaingia chumbani.

Siku mbili hakumtolea neno. Kila alilokuwa nalo la kumwambia alilisema kwa mikono, na Bisibisi, aliyelala kitanda kimoja na lugha ile kwa miaka yote hiyo, hakujua hata ishara ya chumvi. Jumapili asubuhi, mkewe alipotoka, alikaa mbele ya kompyuta na kufungua kitabu ili apate angalau kujua alichotukanwa.

Zilikuwa picha zaidi ya mia tisa, na hakuwahi kuzitazama. Alipofika kama ya thelathini aliacha kusoma maneno, akaanza kuitazama mikono. Vidole vyembamba, na kovu dogo juu ya dole gumba la kulia. Kovu lile alilijua. Alikuwapo siku chuma cha kulehemu kilipomwunguza Chapchap. Yeye ndiye aliyempaka dawa.

Mwalimu aliporudi alimkuta bado amekaa pale.

"Mikono hii ni yake," Bisibisi alisema.

"Ni yake." Mwalimu alikubali kutumia sauti. "Yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni ni kiziwi; ni mwanafunzi wangu mwaka wa pili sasa. Hukuuliza."

"Kwa nini hukuniambia mimi nikusaidie?"

"Nilikuambia. Wewe ndiye wa kwanza niliyekuomba. Ulisema kesho."

Kilichomshangaza Bisibisi ni kwamba hata pale, akiwa na aibu tele, wivu ulimchoma tena: kwamba picha mia tisa zilipigwa, alasiri baada ya alasiri, na yeye hakuwamo katika hata moja.

Jumatatu alikwenda mwisho wa barabara kwa miguu, mchana kweupe, watu wakimwona. Aliomba radhi akiwa amesimama. Chapchap alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "yamekwisha, fundi," lakini hakumkaribisha kiti, na Bisibisi aliona ni haki.

Kitabu kilitoka muhula uliofuata. Katika ukurasa wa shukrani Chapchap alitajwa wa kwanza. Bisibisi hakutajwa. Aliusoma ukurasa huo mara tatu, akakirudisha kitabu mezani, roho ikimuuma.

Miezi kadhaa baadaye shule ilipata kompyuta sita kuukuu za msaada, zote zimegoma. Chapchap alipewa kazi hiyo, na yeye akamtumia Bisibisi ujumbe: kama ana nafasi, waende wote wawili. Walifanya kazi darasani, meza mbili mkabala, bila maneno mengi. Kwenye mashine ya nne Bisibisi alikwama. Bodi ilikuwa na hitilafu ndogo asiyoweza kuiona hata kwa miwani. Chapchap akaipata kwa kuigusa mara moja, akaanza kuilehemu kwa namna ambayo Bisibisi hakuwahi kuiona, wala si yeye aliyemfundisha. Wivu wa zamani ukarudi. Alivuta kiti chake, akazunguka upande wa pili wa meza.

"Hebu rudia hapo," alisema. "Polepole. Sijaelewa."